Setilaiti Saba Juu ya Isevya

Gari la nesi Nyamizi lilipoingia gereji kwangu
lilikuwa bado linaamini liko Nagoya.
Tuko Isevya, nyuma ya mashine ya kusaga,
vumbi la unga na vumbi la barabara hujui lipi ni lipi,
na kwenye dashibodi mshale mwekundu umesimama
kando ya mto tusioujua jina.

"Linaongea usiku," akasema, "nikitoka zamu Kitete.
Sauti ya mwanamke, mpole.
Sijui ananisihi au ananionya."

Nikampa kigoda.

Kuna mlango ambao haukuandikwa mlango.
Unashika kitufe cha menyu, hukiachii,
unawasha taa ndogo, unazima, unawasha, unazima, mara tatu,
kama unayebisha kwa mtu mwenye deni lako.
Skrini ikanyamaza, ikawa nyeusi,
kisha ikafungua kwa herufi zilizokaa kama vibanda vya mnada.
Kuzisoma siwezi. Nazilinganisha
na daftari la marehemu fundi Kapaya,
aliyezichora moja moja kwa penseli:
hii betri, hii spidi,
hii usiiguse.

Betri, kumi na mbili nukta tatu.
Hendibreki: nikavuta, sifuri ikageuka moja.
Rivasi, moja. Taa, moja.
Spidi ilitaka mwendo na mafuta hayakuwemo,
tukalisukuma, mimi na kijana wa mashine,
hadi kwenye tuta la shule.
Namba zikapanda: tatu, nne, tano.
Tukacheka. Nani aliwahi kutuhesabia jasho?

Setilaiti: sifuri.

Hapo ndipo penye donda.
Nikabandua kapeti, nikaufuata waya wa antena kwa kucha,
polepole, chini ya kiti, nyuma ya nguzo ya mlango.
"Ndivyo tunavyotafuta mshipa wa kichanga," Nyamizi akasema,
akainuka, akanishikia tochi bila kuombwa.
Panya. Wa bandarini au wa hapa, sijui;
kala mpira wote, kaacha shaba uchi.
Nikachuna, nikasokota, nikalehemu,
nikafunga plasta aliyoitoa mkobani mwake,
maana tepu yangu ilikuwa imeisha tangu Jumanne.

Tukangoja.
Treni ya Mpanda ikapiga honi, ikaondoka.
Moja.
Kijana wa mashine akarudi na chai.
Tatu. Nne. Ikarudi tatu.
Saba.

Setilaiti saba, hazijui pilau wala msiba wa mtu hapa,
zikakubaliana kwamba tupo:
kusini nyuzi tano, mashariki thelathini na mbili na kitu.
Mshale ukabanduka mtoni kwao,
ukavuka bahari bila nauli,
ukatua
kwenye weupe.

Weupe mtupu. Barabara ya Sikonge haimo.
Kitete haimo, reli haimo.
Imefaulu vipimo vyote
na haina hata uchochoro mmoja wa kutuonyesha.

Pembeni tu, kinyumba kidogo cha kijani
na namba: kilomita elfu kumi na moja, mia sita na ushei.
"Kwa nani huko?"
Kwa aliyeliendesha kabla yako. Aliandika nyumbani.
Nifute?
Akakitazama muda ambao mteja halipii.
"Kiache. Labda na yeye yuko zamu."
Kisha: "Sauti je, unaweza kuizima?"
Naweza.
"Ipunguze tu."

Elfu ishirini na tano, kazi na risasi ya kulehemia.
Akatoa ishirini. Tano mwisho wa mwezi.

Akawasha, kwa lita mbili nilizomkopesha, akaelekea Ipuli.
Nilikuwa nimeuona mshale kabla hajakata kona:
unakwenda ndani ya weupe bila kusita,
na nyuma yake unaacha vitone,
kimoja, kimoja,
kama gunia lililotoboka.